Tindora ya Kona: kula unaweza, kupanda usithubutu

SWALI: Salaam mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Kona, kwenye kile kisiwa kikubwa cha Hawaii, huu mwaka wa tatu. Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna mmea umetambaa ua wote mpaka umepanda mwembe. Maua meupe, vitunda vya kijani vyenye michirizi. Nikautambua papo hapo: tindora! Mamangu alikuwa akiinunua soko la Marikiti, na kwa nyanya yangu Kwale ilijiotea yenyewe vichakani, majani tukiyachuma mboga. Nilitaka kukata marando nipande vizuri kwenye kichanja, jirani akanijia juu: eti ni marufuku, ing'olewe yote. Je, ni tindora kweli? Mbona kwetu haimsumbui mtu? Naweza kuila? Mwenye nyumba ananitaka niikate, niikateje? Na mamangu ana sukari, amesikia majani yake ni dawa. Nishauri.

JIBU: Wa alaikum salaam, dada. Jirani yako hakukosea, na wewe pia hukukosea. Mmea ni ule ule, ila ulifika mahali ambapo hakukuwa na wa kuula.

Kabla sijaenda mbali, hakikisha kwanza. Huko Kona karela nayo imejiotea porini, na mtu akitazama kwa mbali huchanganya. Karela ina ua la njano, jani limekatwakatwa sana, na tunda lina vipele. Tindora, ambayo wataalamu wa mimea huiita Coccinia grandis, ina jani laini lenye pembe tano hivi, ua jeupe lenye ncha tano kama nyota, na tunda laini lisilozidi kidole kwa urefu, la kijani lenye michirizi myeupe. Likiiva linakuwa jekundu la kuwaka. Tazama pia vile vikono vinavyojizungusha kwenye waya wa ua: vya tindora havigawanyiki, kila kimoja ni uzi mmoja tu. Ukiona hayo yote, basi ni yenyewe. Ni wa ukoo mmoja na maboga, matango na matikiti.

Sasa hili la Kwale. Pwani wengi tunaiita mboga ya Kihindi kwa sababu jina tindora ni la Kigujarati na wauzaji wa zamani Marikiti walikuwa Wahindi. Lakini jamaa zake wa karibu, aina takriban 25 za jenasi ya Coccinia, wote ni wa Afrika. Ni huyu mmoja tu aliyeenea mpaka Asia. Kwa hiyo nyanya yako alipokuwa akichuma majani kichakani hakuwa akichuma mboga ya kigeni. Huko Asia watu waliichukua wakaifuga, kama mtu anavyofuga kuku. Wahindi walichagua mimea yenye matunda mengi yasiyo machungu: kwa Kihindi ni kundru, kwa Kitamil kovakkai, kwa Kitelugu dondakaya. Wathai walipenda majani zaidi, wanayaita tamlueng, na supu yake nyepesi ya majani na nyama ya kusaga ni chakula cha kila siku nyumbani. Visiwa vya Pasifiki viliipokea kwa njia hii, kama mboga ya uani. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 wataalamu wa Honolulu, mji mkuu wa Hawaii, walikuwa wameshaanza kuiandika kwenye vitabu vyao kama gugu jipya la kisiwa chao cha Oahu, na baadaye ikaingia kwenye orodha ya magugu hatari ya jimbo.

Kilichotokea hapo katikati ndicho unachoniuliza, na nitakieleza kwa kituo.

Unajua papai dume. Kila mtu wa Pwani amewahi kupanda mpapai akasubiri, ukatoa maua tele na tunda hata moja hakuna. Tindora ni vivyo hivyo: kuna mmea dume na mmea jike, kila mmoja peke yake. Ua la jike ndilo lenye kitunda kidogo nyuma yake, la dume halina. (Kwa mwenye kupenda elimu ya viumbe, ni mmoja wa mimea michache ambayo jinsia yake inaamuliwa na kromosomu za X na Y kama binadamu, na Y yake ni kubwa kupita kiasi. Wanasayansi wa India wameichunguza kwa miaka mingi.) Mtu akisikia hivyo hudhani mmea wa namna hiyo hauwezi kuvamia kisiwa, kwa kuwa ukifika wa jinsia moja utabaki tasa.

Hesabu hiyo inasahau marando. Kila kifundo cha shina la tindora kikigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi. Mtu anampa shoga yake kipande, shoga anampa mkwewe, na mashina yaliyokatwa yanatupwa ng'ambo ya barabara, nako yanaota. Chini ya ardhi mmea unajenga kiazi ambacho kinahifadhi chakula chake, kwa hiyo hata ukifyeka juu kila kitu, mvua mbili tatu na umerudi. Halafu dume na jike wakikutana mtaa mmoja, matunda mekundu yanaanza. Ndege wanayapenda, nguruwe mwitu wanayala, na mbegu zinakwenda pale ambapo hakuna mtu angezipanda. Hizo ni njia tatu za kuenea, na ukifunga moja mbili zimebaki.

Lakini njia hizo tatu zipo Kwale pia! Kiazi kipo, ndege wapo, marando yapo. Mbona basi Kwale haijafunika minazi?

Kwa sababu Kwale inaliwa. Simaanishi na nyanya yako, ingawa naye alichangia, wala na mbuzi peke yao. Naongelea wadudu ambao kazi yao maishani ni tindora na jamaa zake wa karibu tu. Wapo waliozaliwa ndani ya shina lake, wapo wanaotoboa kiazi, wapo wanaochimba jani. Mmea unaishi, lakini unaishi kwa shida, na haupati nafasi ya kupanda juu ya mti mzima. Marando yaliyovuka bahari yaliwaacha wadudu hao nyuma. Mmea ukafika Hawaii, mahali pasipo na kiangazi kirefu kama chetu, pasipo na baridi ya kuua kiazi, penye nyaya za umeme, kuta za mawe na mashamba yaliyoachwa, vyote vizuri vya kupandia. Ni kama kunguru wa India waliofikishwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Kwao ni ndege tu, Unguja wakawa balaa.

Sasa sikia hili, maana linakuhusu wewe mtu wa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Idara ya Kilimo ya Hawaii ilimtuma mtafiti wake, Burkhart, kwenda Kenya kutafuta wadudu wanaokula mmea huu. Walipatikana watatu waliofaa. Wa kwanza ni nondo anayeitwa Melittia oedipus. Ukimwona hutasema ni nondo: anaruka mchana, mabawa yake yana sehemu zinazoonyesha kama kioo, na umbo ni la nyigu. Kiwavi wake huingia ndani ya shina kuu na kushuka mpaka kwenye kiazi. Wawili wengine ni fukusi, jamaa wa mbali wa fukusi wa viazi vitamu. Mmoja, Acythopeus burkhartorum, aliyepewa jina la Burkhart, buu wake hufanya shina changa livimbe. Mwingine, Acythopeus cocciniae, buu wake huishi ndani ya jani kati ya ngozi ya juu na ya chini, akichora vijia, na akishakuwa mkubwa hulitoboa jani vitundu vitundu.

Hawakufunguliwa siku ile ile. Wadudu wageni hufungiwa kwanza kwenye karantini, wanawekewa tango, boga, tikiti na mimea mingine ya ukoo huo, ili ionekane kama watashawishika. Hawaii ilikuwa na sababu ya ziada ya kuogopa: ina mimea yake ya asili ya ukoo wa maboga, jenasi ya Sicyos, ambayo baadhi ya aina zake hazipo popote pengine duniani. Kuleta mdudu akaimaliza hiyo lingekuwa kosa kubwa kuliko gugu lenyewe. Nondo aliachiwa mwaka 1996, fukusi wawili mwaka 1999. Ni njia ile ile tuliyoitumia sisi Ziwa Victoria miaka ya 1990 dhidi ya gugu maji, ambapo fukusi waliofanya kazi asili yao ni Amerika Kusini. Safari hii tuliotoa wadudu ni sisi.

Guam na Saipan, visiwa vingine vya Pasifiki vilivyo chini ya Marekani, vilifuata njia hiyo baadaye, fukusi wa jani wakipelekwa Guam mwaka 2003. Saipan hali ilikuwa mbaya kuliko Kona. Huko mmea ulifunika misitu ya milusina kama shuka ya kijani, huoni mti, unaona vilima vya majani tu, na chini yake mti unakufa taratibu kwa kukosa mwanga. Wadudu wamepunguza nguvu yake, na mahali pengine wameipunguza sana. Hawajaimaliza, na sitarajii waimalize, kwa sababu mdudu mwenye akili hamalizi chakula chake.

Kwa hiyo ukienda kwenye ua wako ukakuta majani yametobolewa vitundu vidogo vidogo, au ukaona kidudu kama nyigu kinazunguka shina la chini, usipulize dawa ya wadudu. Hao ni wakazi wa Kenya walio kazini.

Jirani yako ana sababu nyingine ya hasira, na huenda hakukwambia. Nzi wa matikiti, ambaye yuko Hawaii tangu mwishoni mwa karne ya 19, huzaliana ndani ya matunda ya tindora. Mwenye bustani ya matango au maboga anayejitahidi kufunika matunda yake kwa mifuko anaona ua wako kama kiwanda cha nzi. Mimi ningekuwa na matango ningekasirika pia.

Kula? Kula. Hakuna sumu kwenye majani machanga yakipikwa. Chuma ncha, vidole vinne vya juu, pika kama mchicha, na tui la nazi linaikubali sana. Matunda yachukuliwe yakiwa ya kijani na magumu, yakatwe vipande vya duara au urefu, yakaangwe na kitunguu na bizari, usiyachemshe mpaka yawe uji. Lakini zingatia mambo mawili. Mmea uliojiotea kwa mbegu huweza kutoa matunda machungu, tofauti na yale ya Marikiti yaliyochaguliwa vizazi na vizazi. Onja kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi kwanza. Kikiwa kichungu kama shubiri tema, tupa tunda hilo, na usijaribu kuficha uchungu kwa chumvi na ndimu kama tunavyofanya kwa karela. Uchungu wa ukoo huu unaweza kukuumiza tumbo vibaya. Jambo la pili ni dawa. Kwa kuwa ni gugu lililoorodheshwa, watu hulipulizia. Usichume kando ya barabara, wala penye majani yaliyokunjamana kwa njia isiyo ya kawaida, wala uani kwako kama mwenye nyumba ameshapiga dawa bila kukwambia. Muulize.

Kuna watu watakwambia tuile tu itakwisha. Nimesikia hoja hiyo kwa magugu mengi na haijanishawishi. Anayechuma ncha za majani anapogoa tu, na mmea uliopogolewa unatoa machipukizi mengi zaidi, kiazi kikiwa salama chini. Halafu mboga ikipata wapenzi inapata na wapandaji.

Ndiyo maana kichanja, dada yangu, hapana. Kuiotesha au kuhamisha marando, mbegu au kiazi kwenda sehemu nyingine huko ni kosa kisheria, na hili si la kubishana na jirani. Hata kumpelekea rafiki kisiwa kingine mfuko wa majani yenye mashina usifanye. Kona imeshaenea, lakini kisiwa cha Maui kuna kamati ya mimea na wanyama vamizi ambayo watu wake wanapita nyumba kwa nyumba wakiutafuta mmea mmoja mmoja kuung'oa, kwa sababu huko bado inawezekana. Rando moja kwenye mfuko linawaharibia kazi. Na ukitoka likizo Mombasa, usibebe mbegu kwa kudhani zile za kwetu ni tofauti. Ile fomu ya kilimo unayojazishwa kabla ya kutua ipo kwa ajili ya mambo kama haya. Ukitamani matunda yasiyo machungu, tafuta tindora zilizogandishwa kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi. Zimekatwa tayari, hazioti popote.

Tuje kwenye kuikata. Hapa wengi huharibu.

Kosa la kwanza ni kuingia na panga, kufyeka kila kitu na kuburuta rundo mpaka nyuma ya uwanja. Ulikuwa na mmea mmoja, sasa una vipande mia, kila kimoja na vifundo vyake. Kosa la pili ni kuvuta lile lililopanda mwembe. Litakatika vipande, vitaanguka chini, na vitaota chini ya mwembe.

Anza na matunda. Yachume yote, hasa mekundu, yaingie kwenye mfuko wa plastiki mweusi, ufungwe vizuri, uachwe juani mpaka yaoze ndani kwa ndani, kisha upelekwe na takataka. Usiyaweke kwenye rundo la mboji. Halafu fuata shina kuu mpaka lilipoingia ardhini. Sehemu nyingi za Kona udongo ni kiduchu juu ya mawe ya volkano, na kiazi hupenda kujisokomeza kati ya mawe. Kama kipo kwenye udongo, chimba kwa jembe na sururu ukitoe chote, nacho kiende mfukoni pamoja na shingo yake. Ukiacha kipande, umefanya kazi bure. Mmea mchanga uliotoka kwa mbegu unang'oka kirahisi kwa mkono mvua ikishanyesha, usiungoje ukomae.

Kama kiazi kiko ndani ya mawe ambayo huwezi kuyainua, jembe halitasaidia na itabidi dawa. Wataalamu wa Hawaii wamekuwa wakitumia kiuagugu chenye triklopiri, na namna yake ni nzuri kwa sababu hawapulizii majani. Wanapaka mstari mwembamba kwenye gome la shina karibu na ardhi, bila kulikata, ili mmea wenyewe uipeleke dawa mpaka kwenye kiazi. Shina likiwa limekatwa juu, njia hiyo inavunjika. Hii usiifanye peke yako. Nyumba si yako na mwembe si wako, na dawa ikidondokea mizizi ya mwembe utalipa wewe. Mwambie mwenye nyumba akodi mtu anayejua, au apige simu kwa kamati ya mimea vamizi ya kisiwa chenu wamwelekeze. Wakishapaka, waache yaliyo juu yakauke pale pale mtini. Yanatisha kwa macho wiki kadhaa, lakini yakikauka kabisa hayaoti tena na yanatoka mepesi kama kamba kuukuu.

Kisha rudi kila wiki mbili tatu na utembee ule ua wote. Machipukizi yatatokea. Mwaka wa kwanza ni wa kurudi rudi, na mtu akikuahidi kuimaliza kwa siku moja, mlipe nusu.

Mwisho ni habari ya mama. Aliyoyasikia hayakutungwa hewani, yana msingi. Bara Hindi majani haya yametumiwa na wenye sukari tangu zamani, na mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Bangalore uliowahusu watu 60 waliogunduliwa karibuni kuwa na sukari ya aina ya pili. Waliopewa dondoo la mmea huu (yaani kiini kilichotolewa ndani yake), gramu 1 kwa siku kwa siku 90, sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilishuka kwa takriban asilimia 16, mshuko mkubwa kuliko wa wasiopewa. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini ni watu 60, ni miezi mitatu, na ilikuwa dondoo lililopimwa, si sufuria ya majani. Kinachonitia wasiwasi ni hiki: kama mama anameza vidonge vya kushusha sukari au anadungwa insulini, kisha akaanza kunywa majani haya yaliyosagwa kila asubuhi, inaweza kushuka kupita kiasi, na sukari iliyoshuka humwangusha mtu haraka kuliko iliyopanda. Amwambie daktari wake kabla ya kuanza. Kuila kama mboga, sahani moja na ugali mara mbili kwa wiki, sioni ubaya. Na yeye hana haja ya kuhangaika na gugu la Kona, maana Kwale bado ipo kichakani pale pale.